Kigoda Kisemacho: Jinsi Kitabu cha Mashairi ya Watoto Kinavyolifundisha Jicho Kuuona Usanifu

Ugumu wa mada hii unaanza kwenye maneno yenyewe. Mwalimu anayetaka kuwaeleza watoto wa Gredi ya Tatu jijini Kisumu kwamba kila kifaa walicho nacho nyumbani kilifikiriwa na mtu kabla ya kutengenezwa hujikuta mbele ya maneno matatu yanayogongana: ubunifu, usanifu na urembo. Kubuni ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo, ndiyo maana tunasema mtu amebuni hadithi kama tunavyosema amebuni mtindo wa nguo. Kusanifu ni kukipanga na kukitengeneza kitu kwa ustadi hadi kila sehemu yake ikae mahali pake. Neno hilohilo limetupatia msanifu wa majengo na limetupatia Kiswahili sanifu, na mtu anayesema kwamba mshairi fulani amelisanifu shairi lake vyema hajakosea lolote. Urembo, nao, ni nakshi na rangi zinazoupendeza moyo. Watu wengi, wakiwemo watu wazima wenye shahada, huyachanganya yote matatu na kubaki na wazo moja tu, kwamba usanifu ni urembo unaopakwa juu ya kitu baada ya kazi kumalizika, kama vile rangi inavyopakwa ukutani.

Naamini kwamba njia iliyo rahisi na ya uhakika zaidi ya kulifungua fundo hilo kwa mtoto ni kitabu cha mashairi chenye michoro, hasa kile ambacho mashairi yake yanahusu vitu: kigoda, chungu, jiko, taa, mtumbwi. Hoja yangu haitegemei picha peke yake, ingawa picha ndiyo humvuta mtoto akalifungua jalada. Shairi la Kiswahili lenye arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ni kitu kilichosanifiwa kwa vipimo. Linapokaa ukurasa mmoja na mchoro wa kitu kingine kilichosanifiwa kwa vipimo, mtoto anaona kazi mbili za akili moja zikiwa zimekaa bega kwa bega.

Tuuchukue ubeti mmoja kama mfano. Niliutunga kwa ajili ya watoto ninaosoma nao Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa nyumba moja mtaani Nyalenda, hapa Kisumu:

Nina miguu mitatu, wala siyumbi nyumbani,
Mashimo kwangu si kitu, hata yawe uwanjani,
Si misumari si kutu, gogo moja la shambani,
Nitambueni wenzetu, semeni mimi ni nani.

Huu ni ubeti wa tarbia, yaani wenye mishororo minne. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi nane, kwa hiyo mshororo mzima una mizani 16 na ubeti mzima una 64. Kina cha kati ni "tu" na kina cha mwisho ni "ni". Mtoto wa miaka minane hahitaji kuyajua majina hayo ili aone kinachotendeka. Anahitaji kupiga makofi kwa kila silabi, na akifika kwenye kituo cha katikati atajua bila kuambiwa kwamba mkono umefika mahali pa kupumzika. Nikiliondoa neno "moja" katika mshororo wa tatu, makofi yanakwama, na watoto wenyewe husema kwamba shairi limevunjika. Hapo wamekwisha kufika kwenye kiini cha usanifu bila mtu kulitaja neno hilo, kwa kuwa wametambua kwamba kitu kizuri kina sehemu ambazo haziondoleki.

Kisha huja swali la kigoda chenyewe, kwa nini kiwe na miguu mitatu ilhali kiti cha darasani kina minne. Sababu yake ni ya hesabu. Pointi tatu zozote ambazo haziko kwenye mstari mmoja hukaa daima juu ya bapa moja, kwa hiyo miguu mitatu hugusa ardhi yote kwa pamoja hata sakafu ikiwa na mabonde. Mguu wa nne ukiongezwa, hakuna tena uhakika huo. Ukizidi au ukipungua kidogo tu, kiti kinayumba na mwenye nyumba anatafuta karatasi ya kukunja aipachike chini yake. Mafundi wa zamani wa eneo hili waliochonga vigoda kutoka kwenye gogo moja walikuwa wakiketi kwenye sakafu za udongo na nyua zisizosawazishwa, na umbo walilolichagua lilikuwa jibu kwa ardhi ile. Siku tuliyousoma ubeti huu mara ya kwanza, mtoto mmoja alinyanyuka akaenda kukaa juu ya kila kiti kilichokuwapo ukumbini, kimoja baada ya kingine, akikitikisa. Mbinu yake ya utafiti haikuwa na kasoro yoyote.

Kabla ya kwenda mbali inafaa tukae kidogo kwenye ukurasa wenyewe, kwa sababu hapa ndipo vitabu vingi vya watoto huharibika na ndipo pia pana somo kubwa zaidi. Mshororo wa tatu wa ubeti ule una herufi na nafasi zipatazo 43, pamoja na mikato. Ukichapishwa kwa herufi za pointi 18, ambazo ni kubwa kiasi cha kumfaa msomaji mchanga, unahitaji upana wa takriban sentimita 14. Ukurasa wa A5 uliosimama una upana wa milimita 148, na ukiacha pambizo ya sentimita mbili kila upande unabaki na chini ya sentimita 11. Mshororo hauingii. Mpangaji wa kurasa asiyelijali shairi ataacha kompyuta imwage neno la mwisho kwenye mstari wa chini, na neno "shambani" litakaa huko peke yake kama mtoto aliyeachwa na gari. Kina cha mwisho kitapotea machoni, na kina cha kati hakitaonekana kabisa. Nimeona kitabu kimoja ambacho kila ubeti ulikuwa umekatwakatwa kwa namna hiyo, na watoto waliokuwa wakikisoma kwa sauti walikuwa wakipumua mahali pasipofaa tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo halikuwa mdomoni mwao hata kidogo.

Mpangaji anayelijali shairi ana njia kadhaa, na kila njia ina gharama yake. Anaweza kukilaza kitabu ili ukurasa uwe na upana wa sentimita 21, mshororo uingie mzima na pambizo ibaki. Anaweza kupunguza herufi, lakini atakuwa amewatesa wasomaji wadogo. Anaweza pia kuukata kila mshororo kwenye kituo chake, ukwapi juu na utao chini ukiwa umesogezwa ndani kidogo, ili mistari minane ishuke kama ngazi na vina viwili viwe kama vikanyagio vya kupokezana. Mimi huipenda njia hii ya mwisho kwa watoto wanaoanza kusoma, kwa sababu inaifanya arudhi ionekane kwa macho. Hata hivyo inakula nafasi maradufu, na nafasi hiyo itapaswa kuchukuliwa kutoka kwa mchoro. Mtoto akionyeshwa ubeti mmoja uliopangwa kwa njia tatu, kisha akaulizwa ni upi anaoweza kuusoma bila kujikwaa, atakuwa ameufanya uamuzi uleule ambao mpangaji aliufanya kiwandani, na atautetea kwa sababu.

Kiswahili kina mahitaji yake pia ambayo mpangaji aliyezoea lugha nyingine anaweza asiyatambue. Maneno yetu ni marefu, kwa kuwa kitenzi hubeba mtendaji, wakati na mtendwa mgongoni mwake. Safu nyembamba ya maandishi iliyonyooshwa pande zote mbili huacha mapengo makubwa kati ya maneno, na jicho la mtoto hutumbukia katika mapengo hayo. Kile kialama kidogo cha juu, ritifaa, kwenye "ng'ombe" na "ng'ara" nacho kinahitaji kuchorwa vyema na kukaa karibu na herufi yake, maana kikikaa mbali neno linasomeka kama maneno mawili.

Sasa turudi kwenye ubeti wetu, ambao kwa hakika ni kitendawili. Wasomaji wanaukumbuka mchezo: mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitikia "Tega!", na wakishindwa kukitegua wanatozwa mji. Kati ya kutega na kutegua pana kimya, na kimya hicho ndicho utamu wote. Kitabu kina chombo chake cha kukitengeneza kimya hicho, nacho ni kitendo cha kufunua ukurasa. Ubeti ukiwekwa kwenye ukurasa wa kulia na mchoro kamili wa kigoda ukawekwa nyuma yake, mkono wa mtoto utasita kwenye kona ya karatasi huku akili ikitafuta jibu. Vyote viwili vikiwekwa pamoja mbele ya macho, kitendawili kimekufa kabla ya kutegwa. Kwa hiyo mchoro ulio kando ya ubeti unapaswa kutoa dokezo tu, pengine alama tatu za duara zilizoachwa kwenye vumbi la uwanja.

Neno hilo, mji, linanikumbusha leso, ambayo watoto wote hawa wamebebwa ndani yake. Leso ina pindo inayoizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kuelekea ukingo wa chini. Ni ukurasa uliopangwa kwa ukamilifu: pambizo, mchoro na maandishi, kila kimoja kikijua mipaka yake. Maneno ya leso mara nyingi yana mizani na vina, na aliyeyapanga alilazimika kuyachagua yatoshe kwenye mstari mmoja. Nikitaka kuwaeleza wazazi kitabu chenye michoro ni kitu gani, huwaomba waitandaze leso mezani, na sihitaji tena kutafuta mfano wa mbali.

Hata hivyo mfano mmoja wa mbali una faida, kwa sababu unaonyesha kwamba maneno na picha vinaweza kuzaliwa kwa mkono mmoja. Mwaka 1789 mshairi na mchoraji William Blake wa London alichapisha mashairi yake yaliyohusu utoto kwa kuyaandika na kuyachora juu ya bamba moja la shaba, maneno yakiwa yamegeuzwa kama yanavyoonekana kwenye kioo, kisha tindikali ikala sehemu zisizofunikwa. Baada ya kupigwa chapa kila ukurasa ulipakwa rangi kwa mkono, na mkewe Catherine alisaidia kazi hiyo. Mizabibu na matawi yake hupita katikati ya mistari ya shairi. Siku hizi mtunzi, mchoraji na mpangaji huwa watu watatu ambao pengine hawajawahi kuonana, na pengo hilo huonekana kwenye kurasa: shairi linataja kigoda cha gogo, mchoro unaonyesha kiti cha plastiki.

Kosa hilo linanisumbua kuliko yote. Mtoto wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, anayeona mitumbwi kila siku ufukweni, yenye majina yaliyoandikwa ubavuni kwa rangi nzito, akikuta kitabuni mtumbwi ambao hauwezi kuelea, anajifunza kwamba mchoro si lazima uwe kweli na kwamba vitu vya kwao havistahili kutazamwa kwa makini. Mchoraji wa kitabu cha aina hii lazima aende akae na kitu. Tuseme anachora chungu cha maji. Akikitazama kwa haraka ataona umbo la duara na nakshi shingoni. Akikaa nacho, atajua kwamba udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana, kwamba maji hupenya polepole hadi upande wa nje na kugeuka mvuke, na kwamba mvuke huo unapoondoka huchukua joto, ndiyo maana maji ya chungu ni baridi hata saa nane ya mchana wa Februari. Atajua pia kwamba nakshi ile iliyotiwa kwa kuviringisha kamba iliyosukwa juu ya udongo mbichi huufanya uso wa chungu ukwaruze, na mkono unaokishika kikiwa kimelowa hauteleze kwa urahisi. Hapo urembo na usanifu vimekutana kwenye alama ileile, na ni vigumu kumwambia mtoto kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Mchoro wa chungu kilichokatwa katikati, unaoonyesha unene wa ukuta na matone yakisafiri ndani yake, unaweza kufanya kazi ambayo aya tano za maelezo haziwezi.

Mchoro na shairi havipaswi kusema jambo lilelile. Shairi lina uwezo wa kusema yale yasiyochoreka: ubaridi wa maji kooni, sauti ya kata ikigonga ukingo, harufu ya udongo. Mchoro una uwezo wa kusema kwa mara moja yale ambayo maneno yangeyasema kwa kuzungukazunguka: unene, mkunjo, uwiano. Vikigawana kazi, mtoto hulazimika kwenda na kurudi kati ya viwili hivyo, na katika kwenda huko na kurudi ndimo jicho linapofunzwa kutulia. Vikirudiana, jicho hupita.

Kifaa kinachofaa kuliko vyote kwa zoezi hili ni jiko la makaa lenye kikombe cha udongo ndani. Lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo ni vigumu kupata mtoto wa mjini asiyelijua. Kwa nje ni mabati, mara nyingi mabati ya vyombo vilivyokwisha kazi, yaliyopindwa na mafundi wa jua kali. Kelele za nyundo zao husikika kutoka mbali kabla hujafika soko la Kibuye. Umbo lake lina kiuno: limepanuka juu, likabana katikati, likapanuka tena chini. Nikiwauliza watoto kwa nini, jibu la kwanza huwa kwamba linapendeza, na kweli linapendeza. Sehemu ya juu imepanuka ili kikombe cha udongo kikae kama yai kwenye kishikio chake. Sehemu ya chini imepanuka ili jiko lisipinduke sufuria ya ugali inaposongwa kwa nguvu, na hapo ndipo majivu yanapoangukia. Matundu ya kikombe hupitisha hewa kutoka chini, mlango mdogo wa ubavuni huongeza hewa hiyo au kuipunguza, na udongo huzuia joto lisitoroke kupitia ubavuni, kwa hiyo makaa machache hupika chakula kilekile. Kila mkunjo una sababu, na sababu zote hizo zinaingia katika beti nne bila kusongamana, ilimradi mtunzi akubali kuligeuza jiko liwe msemaji na kila ubeti ueleze kiungo kimoja cha mwili wake. Mashairi yetu yamezoea kukipa sauti kitu kisicho na sauti, na mtoto aliyelisikia jiko likijieleza hulitazama usiku huo kwa macho mengine.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeipa nafasi kazi ya mikono na sanaa katika madarasa ya chini, lakini mara nyingi kazi hiyo huishia kwenye kupaka rangi mchoro uliokwisha kuchorwa na mtu mwingine. Kitabu cha mashairi hakiwezi kuziba pengo hilo peke yake. Kinahitaji mtu mzima atakayeuliza "kwa nini kiko hivi?" na kunyamaza kwa muda wa kutosha. Kinahitaji pia rangi zake, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naijua bei ya kuchapisha kwa rangi nne. Nakala za kijivu zilizotolewa fotokopi hulinda maneno lakini huua nusu ya mazungumzo. Nakala moja yenye rangi inayopitishwa kwa watoto ishirini ina faida kuliko nakala ishirini za kijivu. Tena mtoto akipewa kioo cha kukuzia, ataona kwamba kijani cha mafunjo ya ziwani kimeundwa kwa vitone vya samawati na vya njano vilivyopangwa karibukaribu, na kwamba hakuna wino wa kijani popote kwenye ukurasa.

Zoezi ambalo nimeona likifanikiwa kuliko mengine ni la kukitengeneza kitabu chenyewe. Tunachukua karatasi kubwa ya A2 na kuikunja katikati mara tatu, kila mkunjo ukivuka ule uliotangulia, tunapata kijitabu cha kurasa 16 za A5. Kabla ya kukata kingo, watoto huandika nambari za kurasa kuanzia 1 hadi 16, kisha huikunjua karatasi tena. Wanachokiona huwashangaza kila mara: nambari zimetawanyika, nusu yake zimesimama kichwa chini, na kila nambari mbili zilizokaa pande mbili za mkunjo wa mgongo zikijumlishwa hutoa 17. Ukurasa wa 1 ni jirani wa ukurasa wa 16, na ule wa 3 ni jirani wa 14. Wachapishaji hupanga kurasa kwa hesabu hiyohiyo, na karatasi mbili za namna hii ndizo hutoa kurasa 32 ambazo vitabu vingi vya picha huwa nazo, kwa hiyo mtunzi wa kitabu cha watoto huhesabu kurasa kwa uangalifu uleule anaohesabu mizani.

Msichana mmoja alikuwa ameandika beti mbili juu ya mtumbwi wa tanga, na alitaka tanga lake lienee kurasa mbili kwa mchoro mmoja usiokatika. Alikuwa ameupangia mchoro huo kurasa za 4 na 5. Alipoikunjua karatasi aliona kwamba 4 na 5 zimegusana kwa vichwa, moja imesimama na nyingine imepinduka, na tanga lingekatika vipande viwili vinavyotazamana kinyume. Aliigeuza karatasi mara kadhaa, akafuata nambari kwa kidole, hadi alipogundua kwamba kurasa mbili pekee zinazotazamana kitabuni na zilizoungana kwenye mgongo wa karatasi ni ya 8 na ya 9. Akafuta, akahamisha shairi la chungu hadi ukurasa wa 4, akapunguza ubeti mmoja wa shairi la taa ili liishe mapema, na mtumbwi wake ukakaa katikati ya kitabu.